Chura wa miti wa Usambara: yanayosemwa na ukweli wake

Nianze na rangi maana ndo inasemwa sana, eti yule wa kijani na yule wa kahawia ni vyura wa aina mbili, wengine wanasema wa kijani ndo jike. Hapana jamani. Wote ni Leptopelis vermiculatus, chura wa Tanzania tu, yupo Usambara, Uluguru na Udzungwa. Akiwa mdogo anakuwa kijani cha kung'aa na vimistari vyeusi vyembamba vimejipindapinda mgongo mzima, akikua wengi wanageuka kahawia, ila wapo wanaozeeka na ukijani wao. Jike utamjua kwa umbo, anafika sentimita 8 wakati dume ni 4 au 5 hivi.

Afu wanasema ana sumu na ukimshika unaota chunjua. Wale vyura wadogo wenye sumu kali wanaoonyeshwa kwenye TV ni wa Amerika ya Kati na Kusini, ukoo mwingine kabisa, huyu kijani chake ni cha kujifichia majanini. Chunjua nazo zinaletwa na kirusi cha binadamu, sio chura. Ukimshika anayeumia ni yeye, ngozi yake inapitisha maji na hewa kwahiyo mkono wenye losheni au dawa ya mbu unamwingizia kemikali mwilini, mmulike tochi umtazame inatosha.

Ila inayoniuma kuliko zote ni hii ya kwamba eti kwa vile ni chura wa miti, basi miti mikubwa ikibaki yuko salama. Jike hatagi juu ya mti wala majini, anashuka chini kabisa anafukia mayai kwenye udongo wenye unyevu pembeni ya maji, yanakulia humohumo, viluwiluwi wakishatoka ndo wanajinyonganyonga kwenye tope mpaka majini. Sasa Usambara Mashariki watu wamelima iliki miaka mingi chini ya kivuli cha msitu, ukiangalia kwa mbali unaona msitu mzima kabisa kumbe chini vichaka vyote vimefyekwa, majani yaliyooza hamna, udongo umekauka. Miti ipo, mahali pa mayai hapapo.

Na kupanda mikaratusi sio kumrudishia msitu. Kinachomsaidia ni ukingo wa kijito kuachwa na vichaka vyake, na sheria ipo tayari, ile ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka mtoni.