RAM kujaa sio lazima iwe memori inavuja

Wengi hapa Dar tunaamini ukiona RAM (memori ya muda ambayo kompyuta inafanyia kazi) imejaa basi brauza inavuja memori, dawa ni kwenda Kariakoo kuongeza RAM. Inaeleweka kabisa, maana laptop inakuwa nzito kweli. Ila tenki la maji likijaa haina maana limetoboka. Programu nyingi zinaweka vitu kwenye RAM makusudi ili zifunguke fasta, kuvuja ni pale programu inachukua memori halafu hairudishi hata kama haiihitaji tena, na hapo RAM mpya inachelewesha tu tatizo.

Cheki mwenyewe. Kwenye brauza ya Firefox andika about:memory pale juu unapoandika anwani, bonyeza Measure, angalia namba ya explicit (memori ambayo Firefox yenyewe imechukua), kisha fungua na kufunga ukurasa uleule mara kumi hivi, bonyeza Minimize memory usage alafu pima tena. Rudia. Ikipanda kila raundi na haishuki, zima viongezi (add-ons, vile vijiprogramu unavyoongeza kwenye brauza) ujaribu upya, maana huenda kinachovuja ni kiongezi.

Bado inapanda? Ripoti kwa wanaoitengeneza, Firefox ni programu huria, yeyote anaruhusiwa. Ila tafuta kwanza kama kuna aliyeripoti, ongezea toleo lako na hatua ulizofuata palepale, ripoti ishirini za kitu kimoja zinawachosha sana wanaorekebisha.