Je, wajua? Kwa nini king'ora cha hatari kinaweza kumpa mtu usingizi

Mwisho wa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, mji wa Kivu, mashariki mwa Kongo, mimi nilikuwa Dar es Salaam na simu mkononi. Nina rafiki kule. Siku kadhaa nilikuwa nashtuka saa nane za usiku, naperuzi, nalala nusu saa, nashtuka tena. Mtandao ulipomrudia, ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Masasi ililia usiku yote. Asubuyi tuliamka, mama iko napika sombe. Weye uko bien?"

Masasi ni risasi, sombe ni kisamvu. Yaani mtu aliyelala chini ya risasi alikuwa anangoja kisamvu kiive, na aliyekuwa zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapo ndiye mwenye macho mekundu. Na yeye ndiye aliyeniuliza mimi hali.

Jibu nililojipa wakati ule lilikuwa rahisi: wenzetu wa Kivu wameshazoea, mioyo yao imekuwa sugu. Nilikuwa nimekosea, na kosa lenyewe lina historia ndefu, kwa sababu waliowahi kulifanya ni pamoja na madaktari bingwa wa serikali ya Uingereza.

Kosa ni hili: tunadhani hofu ni kama moto, ukiusogelea unaungua, ukikaa mbali unapata joto tu. Kwa hesabu hiyo mtu aliye katikati ya vita hana budi kuchanganyikiwa, na aliye mbali hana budi kutulia. Mwaka 1938, vita ikinukia Ulaya, jopo la madaktari wa akili liliipa Wizara ya Afya ya Uingereza makadirio yake: miji ikipigwa mabomu kutoka angani, ndani ya miezi sita wangepatikana wagonjwa wa akili milioni tatu hadi nne. Vitanda vikaandaliwa. Watu wakatarajiwa kukimbia ovyo barabarani, kukanyagana, kuacha kazi.

Mabomu yakaja kweli. Kuanzia tarehe 7 Septemba 1940, London ilipigwa usiku 57 mfululizo, na mashambulizi makubwa hayakukoma hadi Mei 1941. Raia zaidi ya 40,000 waliuawa nchini kote. Lakini wale mamilioni ya wagonjwa wa akili hawakutokea. Vituo vilivyofunguliwa kwa ajili yao vikakaa na nafasi tele, vingine vikafungwa.

Na hapa kosa la pili hujiingiza, lile la picha. Sote tumeona picha za watu waliolala kwenye vituo vya reli ya chini ya ardhi, wamebanana kama dagaa. Mimi niliamini London nzima ililala chini. Hesabu iliyofanywa Novemba 1940 ilikuta ni kama asilimia 4 tu ya watu waliokuwa kwenye vituo hivyo. Asilimia 9 walikuwa kwenye mahandaki ya umma, 27 kwenye mahandaki ya nyumbani, kama vile vibanda vya mabati vilivyofukiwa udongo uani. Waliobaki, yaani wengi wao, walikuwa vitandani mwao au chini ya ngazi za nyumba zao. Bomu linaanguka mitaa mitatu kutoka hapo, na mtu amejifunika blanketi.

Walikuwa majasiri kupita sisi? Propaganda ya wakati ule ilipenda kusema hivyo, na bado filamu hupenda. Lakini watu haohao waliiba kwenye nyumba zilizobomoka, waligombana kwenye foleni, na wengi waliumwa. Mwaka 1942 madaktari wawili, Stewart na Winser, walichapisha takwimu za hospitali za London zikionyesha kwamba vidonda vya tumbo vilivyotoboka viliongezeka sana mashambulizi yalipoanza, kisha baada ya miezi michache vikashuka, ilhali mabomu yaliendelea kuanguka. Ujasiri hauelezi hilo. Mtu hapati ujasiri ghafla mwezi Novemba.

Wanaofundisha saikolojia huongezea hapo kisa kingine: kwamba vidonda vilizidi pembezoni mwa London, ambako mabomu yalikuja mara mojamoja bila mpangilio, kuliko katikati ambako yalikuja kila usiku kama treni. Ni kisa kitamu, na kinanisaidia, ndiyo maana ninakishika kwa vidole viwili. Watu walikuwa wanahamahama, chakula kilikuwa kimebadilika, na tangu mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren kule Australia wametuonyesha kwamba mhusika mkuu wa vidonda hivi ni bakteria. Hofu inaweza kuchochea, lakini si mshtakiwa pekee.

Ushahidi ulio imara zaidi umetoka kwa panya.

Katika miaka ya mwisho ya 1960 na mwanzo wa 1970, Jay Weiss wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, aliwafunga panya wawili waya mkiani. Waya ni mmoja, kwa hiyo umeme ukipita wanashtuka wote wawili, sekunde ileile, kwa nguvu ileile. Tofauti ni moja: panya wa kwanza alisikia mlio kabla ya kila mshtuko. Wa pili naye alisikia milio, ila ya kubahatisha, isiyohusiana na umeme. Panya wa tatu hakupigwa umeme kabisa. Mwishowe matumbo yalichunguzwa. Panya wa pili alikuwa na vidonda vingi mno. Wa kwanza, aliyepigwa umeme uleule, alikuwa hatofautiani sana na yule ambaye hakuguswa.

Nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza nililielewa vibaya. Nilidhani mlio ulimsaidia panya kujiandaa. Kujiandaa vipi? Kafungwa, waya uko mkiani, hawezi kuruka wala kujificha. Faida ya mlio haiko kwenye mlio. Iko kwenye kimya.

Fikiria mbwa wa jirani. Kuna mbwa anayebweka mgeni akifika getini tu. Mbwa huyo akinyamaza, unalala, maana kimya chake ni taarifa: hakuna mtu. Kuna mbwa wa pili anayebwekea mwezi, paka, na majani ya mwembe usiku kucha. Na kuna wa tatu asiyebweka hata mwizi akimpiga teke. Kwa hawa wawili, kimya hakikwambii chochote. Mwizi anaweza kuwa yuko ukutani sasa hivi. Kwa hiyo unabweka wewe mwenyewe, moyoni, usiku mzima.

Au chukua mgao wa umeme. Ukipewa ratiba kwamba unakatika saa kumi na mbili jioni hadi saa nne, unapika mapema, unachaji simu, unapiga pasi nguo za watoto. Giza likija umeshalizoea kabla halijafika. Ukikatika bila ratiba, hata kama jumla ya saa za giza ni ileile, siku nzima unaishi na sikio kwenye feni. Unaogopa kufungua friji. Umeme upo, lakini hauufaidi, kwa sababu saa zote ni saa za hatari.

Mwanasaikolojia Martin Seligman aliliita jambo hili ishara ya usalama, mwaka 1968. Kiumbe akipata onyo la kuaminika, anaogopa pale onyo linapolia tu. Muda uliobaki anaruhusiwa kushusha mabega. Akikosa onyo, hofu inasambaa saa ishirini na nne. Siku inakuwa haina kona hata moja ya kupumzikia. London walikuwa na milio miwili: wa hatari, uliopanda na kushuka, na wa salama, ulioshikilia sauti moja iliyonyooka. Kati ya ule wa pili na ule wa kwanza, mtu alikuwa na haki ya kunywa chai yake.

Onyo lenyewe likizidi linaharibika. Mwanzoni mwa mashambulizi ving'ora vililia hata kwa ndege moja iliyopotea njia, viwanda vikasimama mara kadhaa kwa siku, na watu wakaanza kuvipuuza. King'ora kikawa yule mbwa wa majani ya mwembe. Dawa waliyoipata haikuwa kuwahimiza watu wawe na moyo mkuu. Waliweka mtu juu ya paa. King'ora kikilia, mafundi wanaendelea kufanya kazi, na mtu wa paani akiona ndege zinakuja upande huo kweli, ndipo anapotoa ishara watu washuke handakini. Mamia ya watu wakipiga nyundo kwa utulivu kwa sababu mmoja ameketi juu na darubini.

Kuna mahali nadharia hii inachechemea. Septemba 1944 Wajerumani walianza kurusha V-2, kombora linalokwenda kasi kuliko sauti: unaupata mlipuko kwanza, mvumo wa kuja kwake unasikika baadaye. Onyo hakuna. Kwa hesabu ya panya, watu wote walipaswa kuharibikiwa. Wapo waliosema kweli kwamba hilo lilikuwa baya kuliko yote. Lakini wapo pia waliosema lilikuwa afadhali: ukilisikia, basi uko hai, na usipolisikia huna tena la kuhofia. Binadamu ana falsafa, panya hana. Hapo sina la kuongeza. Tena yote haya yanawahusu waliokoswa kwa mbali. Daktari wa akili J. T. MacCurdy aliandika wakati wa vita hiyohiyo kwamba mtu aliyefukuliwa kwenye kifusi, au aliyemwona jirani yake akifa, ni habari nyingine. Huyo ratiba na king'ora havimtoshi.

Sasa turudi kwenye simu yangu.

Baada ya mabomu mawili kulipuka kwenye mbio za Boston, tarehe 15 Aprili 2013, watafiti wa Marekani waliwahoji maelfu ya watu kuhusu usingizi, mawazo na mishtuko yao. Waliotazama na kusoma habari za tukio lile saa sita au zaidi kwa siku, katika juma lililofuata, walikuwa na dalili za mfadhaiko nyingi kuliko hata watu waliokuwepo pale au waliokuwa na jamaa zao pale. Bila shaka mtu mwenye wasiwasi wa asili hupenda kufuatilia zaidi, kwa hiyo hatuwezi kuutwisha mzigo wote runinga. Lakini ukiitazama simu kwa jicho la yule panya, jambo linaeleweka. Kikundi cha WhatsApp kina mlio wa hatari na hakina mlio wa salama. Hakuna mtu anayetuma ujumbe saa tisa usiku kuandika "hapa Katindo hakuna lililotokea, laleni." Kimya cha kikundi nacho si salama: labda wamelala, labda mtandao umekatwa, labda mbaya zaidi. Nilikuwa nimejinunulia, kwa bando la intaneti, cheo cha panya wa pili.

Waliokosa king'ora kabisa wamewahi kujitengenezea mahali badala ya mlio. Kaskazini mwa Uganda, miaka ya vita vya LRA, waasi wa Joseph Kony, hasa kati ya 2003 na 2005, watoto wa vijijini walikuwa wakifunga safari kila jioni, na mkeka au blanketi kichwani, kwenda kulala Gulu mjini, hospitalini, kwenye vibaraza vya maduka, kisha alfajiri wanarudi nyumbani na shuleni. Makadirio yalifika watoto 40,000. Safari yenyewe ilikuwa na hatari zake, na wasichana waliijua vizuri. Hata hivyo mtoto alipofika na kutandika mkeka wake, siku ilikuwa imekatwa vipande viwili, na kimoja kilikuwa cha kulala.

Nilimuuliza rafiki yangu baadaye, kwa aibu kidogo, aliwezaje kulala zile siku. Akacheka, akasema hakulala usiku, nani alikwambia. Alilala asubuhi. Barabara za mtaani kwake ni za mawe meusi ya volkano, na chukudu, yale mabaiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, zikipita juu yake zinasikika kutoka mbali. Watu wa chukudu hawatoki bila kujua njia ikoje. Kwa hiyo alijiegemeza ukutani na watoto wake, akasikiliza. Ilipopita moja hakufanya kitu. Zilipopita tatu, akajifunika.