Nyota kibete ya rangi ya chungwa ni nini? Mfano upo utosini mwa Lindi

Nyota kibete ya rangi ya chungwa ni nyota iliyo ndogo kuliko Jua, yenye joto pungufu kidogo kuliko la Jua, na ambayo bado inaishi kwa kugeuza hidrojeni kuwa heli ndani ya kiini chake. Uso wake huwa na joto la kati ya nyuzi 3,600 na 4,900 za Selsiasi hivi, wakati uso wa Jua una kama 5,500. Wanaastronomia huzipanga nyota kwa herufi, kuanzia zenye joto kali zaidi: O, B, A, F, G, K, M. Jua letu liko daraja la G. Vibete vya rangi ya chungwa ndivyo vya daraja la K, vinavyofuata hapo hapo chini yake.

Jina hili lina sehemu mbili, na kila sehemu inasema jambo lake. Watu wengi huzichanganya, kwa hiyo tuzitenganishe.

Rangi inasema joto. Chuma kikiwa motoni kwa mhunzi huanza kuwa chekundu, kikizidi kupata moto kinageuka rangi ya chungwa, na mhunzi akiendelea kuvuta mivuo kinaelekea weupe. Nyota nazo zinafuata kanuni hiyo hiyo, ila zinafika mbali zaidi, kwani zile za moto kupindukia huonekana na ubuluu. Hivyo mtu akikuambia nyota fulani ni ya rangi ya chungwa, amekupa habari za joto la uso wake tu. Ukubwa wake bado hujaambiwa.

Ukibete ndio unaosema habari za ukubwa na umri. Nyota huitwa kibete ikiwa ingali inachoma hidrojeni kwenye kiini, na katika kipindi hicho ndimo inamotumia sehemu kubwa ya maisha yake. Jua lenyewe ni kibete, ingawa ukilitazama saa saba mchana pale stendi ya Masasi huwezi kukubali. Hidrojeni ya kiini ikiisha, nyota inavimba mara makumi na kuwa jitu, na uso wake unapoa. Ndiyo maana anga lina nyota mbili tofauti kabisa zenye rangi moja ya chungwa: kibete kilichozaliwa hivyo, na jitu lililovimba likapoa hadi kufikia rangi hiyo.

Sasa tuje nyumbani. Moja ya vibete vya rangi ya chungwa vilivyo karibu nasi zaidi inaitwa Epsilon Eridani. Iko umbali wa miaka ya nuru 10.5, yaani karibu kilomita trilioni 99. Kwa lugha ya kawaida huko ni mbali kusikosemeka; kwa lugha ya wanaastronomia ni jirani wa mtaa mmoja. Upana wake ni kama robo tatu ya upana wa Jua, uzito wake asilimia 82 hivi, na mwanga wake ni takriban theluthi moja tu ya mwanga wa Jua. Punguza uzito kidogo, mwanga unashuka sana. Ndivyo nyota zilivyo.

Kinachonifanya niichague hii na kuacha nyingine ni mahali inapopita. Nyota hii iko kusini mwa ikweta ya anga, yaani mstari wa kufikirika unaopita angani juu ya ikweta ya dunia, kwa nyuzi 9 na kidogo chini ya nusu. Mji wa Lindi uko nyuzi 10 kusini mwa ikweta ya dunia, Mtwara mjini nyuzi 10 na robo hivi, na Kilwa Masoko karibu nyuzi 9. Maana yake ni kwamba njia ya nyota hii inakatiza angani kati ya utosi wa mtu wa Kilwa na utosi wa mtu wa Lindi. Kwa watu wa mwambao huu haiegemei kaskazini wala kusini. Ikifika kileleni inakuwa juu ya kichwa chako, na Mtwara mjini inakosa utosi kwa chini ya nyuzi moja. Mtazamaji wa Ulaya ya kaskazini huiona chini chini, akiitazama kupitia tabaka nene la hewa. Kwa hili sisi tumependelewa, na sioni tukilisema.

Katikati ya Novemba inachomoza jua linapozama, inafika utosini karibu saa sita usiku, na inazama kunapokucha. Kila mwezi unaopita inawahi kwa saa mbili, hivyo katikati ya Januari iko juu kabisa kwenye saa mbili usiku. Tatizo la Januari ni mawingu, kwani mvua za huku zinakuwa zimeshashika. Novemba ndiyo afadhali. Watu wapo mashambani kwenye korosho, wengine wanalinda mali usiku, na mbali na taa za mjini giza ni la kutosha. Chagua tu usiku usio na mbalamwezi.

Kuipata si kazi. Tafuta Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wazee walikitumia kujua msimu wa kulima. Kilimia kikiwa katikati ya anga la kaskazini, inua uso kutoka hapo moja kwa moja hadi utosini. Hapo kuna nyota mbili zenye mwanga wa wastani zilizokaribiana, zimeachana kwa upana wa kama vidole viwili ukinyoosha mkono. Iliyo magharibi, ambayo mwanga wake umepungua kidogo, ndiyo Epsilon Eridani. Kama bado una wasiwasi, tumia Rigel, ile nyota nyeupe yenye nguvu katika kundi la Orion, kwa sababu inapita karibu njia hiyo hiyo na kufika utosini baada ya saa moja na dakika 40 hivi.

Usitegemee kuona chungwa likining'inia. Mwanga ukiwa hafifu, jicho la binadamu halitambui rangi vizuri, na nyota hii kwa macho matupu utaiona kama nukta ya weupe uliofifia. Chukua darubini ndogo ya mikono miwili na rangi itaanza kujitokeza. Halafu jihadhari na kosa moja la watu wa pwani: ukikaa Shangani, pale Mtwara, ukatazama nyota zinapochomoza baharini, karibu zote zitaonekana na wekundu. Ile ni hewa, inakula ubuluu wa mwanga unaopita katikati yake kwa mlalo, na moshi wa mashamba yanayochomwa huongeza. Rangi ya kweli ya nyota inasomwa ikiwa juu.

Ile nyota ya pili, jirani yake wa mashariki, inaitwa Delta Eridani. Hapa ndipo somo lote linapokaa. Nayo ni ya daraja la K, nayo ina rangi inayokaribia chungwa, na machoni inang'aa zaidi kidogo kuliko mwenzake. Lakini iko mbali karibu mara tatu, na si kibete tena. Imeshaanza kuvimba, upana wake unazidi mara mbili ya Jua. Geuka sasa kaskazini mashariki, utaiona Aldebaran, nyekundu ya chungwa isiyojificha. Hiyo ni jitu kamili, upana wake zaidi ya mara 40 ya Jua, iko umbali wa kama miaka ya nuru 65. Tatu hizi ni za daraja moja la rangi, na huwezi kujua kwa kuzitazama tu kwamba moja ni kibete, moja imo njiani, na moja ni jitu.

Wanaastronomia hujuaje basi? Njia ya kwanza ni umbali. Ukijua nyota iko umbali gani na unaiona inang'aa kiasi gani, unapata mwanga wake halisi, na mwanga halisi pamoja na joto vinakupa ukubwa. Umbali hupimwa kwa kutazama nyota mara mbili, dunia ikiwa upande mmoja wa Jua na kisha miezi sita baadaye ikiwa upande wa pili. Nyota ya karibu itaonekana imesogea kidogo mbele ya zile za mbali. Kidogo chenyewe ni kidogo kweli. Gawa nyuzi moja mara 3,600, chukua kama asilimia 62 ya kipande kimoja, hapo ndipo ilipo Epsilon Eridani. Mtu wa kwanza kuchapisha kipimo cha namna hii kilichoaminika alikuwa Friedrich Bessel mwaka 1838, akiwa Königsberg, na nyota aliyoipima inaitwa 61 Cygni. Ni nyota pacha, na mapacha wote wawili ni vibete vya rangi ya chungwa, umbali wa miaka ya nuru 11.4.

Njia ya pili ni kuuchambua mwanga wenyewe. Ukiutandaza kuwa upinde wa rangi unakuta mistari myeusi, na upana wa mistari hiyo hutegemea mgandamizo wa gesi usoni mwa nyota. Kibete kimejibana na gesi yake ina mgandamizo mkubwa. Jitu limejiachia na gesi yake ni nyepesi. Mistari inalitoboa hilo hata kabla umbali haujapimwa.

Epsilon Eridani imefuatiliwa kuliko vibete vingi vya aina yake. Aprili 1960 Frank Drake alielekeza antena ya redio yenye upana wa mita 26, huko Green Bank, Marekani, kwenye nyota mbili: Tau Ceti na hii yetu. Alikuwa anasikiliza kama kuna viumbe wanaotuma ishara. Alipoigeukia Epsilon Eridani alipokea mapigo makali, lakini chanzo chake kikaonekana kuwa ni cha binadamu wa hapa hapa. Baada ya hapo, kimya. Ninavyoona mimi, alichagua vizuri kwa ujuzi wa wakati ule, ingawa leo tunajua nyota hii haikufaa kwa swali lake: umri wake ni chini ya miaka bilioni 1, wakati Jua lina bilioni 4.6. Ni nyota changa bado.

Uchanga huo ndio unaoipa utamu. Mwaka 1983 satelaiti ya IRAS, iliyopima mwanga wa joto usioonekana kwa macho, iligundua kwamba nyota hii inatoa joto la ziada. Lilikuwa joto la vumbi linaloizunguka. Mwaka 1998 darubini ya James Clerk Maxwell huko Hawaii ikapiga picha ya pete ya vumbi hilo, mbali na nyota kuliko Neptuni ilivyo mbali na Jua. Vumbi la namna hii lisipoongezwa huisha, kwa hiyo huko kuna mawe na barafu vinavyogongana na kusagana mpaka leo, kama ilivyokuwa kwetu mfumo wetu ulipokuwa mchanga.

Mwaka 2000 ikatangazwa sayari. Haikuonekana; ilihisiwa. Sayari ikizunguka huivuta nyota huku na kule, nyota ikija upande wetu mistari ya mwanga wake inasogea kidogo kuelekea ubuluu, ikirudi nyuma inasogea kuelekea wekundu. Kwa Epsilon Eridani mwendo huo ni wa takriban kilomita 40 kwa saa, na unajirudia kila baada ya miaka 7 na kitu. Ubishi ulidumu miaka mingi, na ulikuwa na haki. Nyota changa hujizungusha haraka, hii hutumia siku 11 au 12 mzunguko mmoja wakati Jua linatumia kama 25, na mzunguko wa haraka unazaa sumaku kali na madoa mengi usoni. Madoa yakipita yanaiga mtikisiko wa sayari. Ilibidi vipimo vya miaka na miaka virundikwe ndipo wengi wakaridhika. Mwaka 2015 sayari ikapewa jina AEgir, na nyota yenyewe jina rasmi Ran.

Sababu ya wanaastronomia kuvipenda vibete hivi kwa jumla ni maisha yao. Jua litachoma hidrojeni kwa miaka bilioni 10 hivi. Kibete cha rangi ya chungwa kinaweza kufika kati ya bilioni 15 na 45. Vibete vyekundu vinaishi muda mrefu zaidi na ndivyo vingi kuliko vyote, lakini vinatoa milipuko mikali, na sayari yenye joto la wastani inalazimika kukaa karibu mno navyo. Kibete cha chungwa kiko katikati. Sayari ingetaka joto kama letu kwa Epsilon Eridani, ingekaa kilomita milioni 87 hivi kutoka kwake, badala ya milioni 150 tulizo nazo sisi, na mwaka wake ungekuwa wa miezi sita.

Ajabu ni kwamba picha ya sayari katika nyota ya aina hii imetoka kwa jirani mwingine, mzee kidogo, Epsilon Indi, umbali wa miaka ya nuru 11.9. Mwaka 2024 darubini ya anga ya James Webb ilionyesha sayari yake moja kwa moja: uzito wake ni kama mara sita ya Mshtarii, iko mbali sana na nyota yake, na joto lake linakaribia la maji yanayoanza kuganda. Kwa anga letu, nyota ya Epsilon Indi inasimama kusini, karibu nusu ya njia kutoka upeo hadi utosini, kwenye saa tatu usiku katikati ya Oktoba. Mwanga wake ni hafifu kuliko wa Epsilon Eridani, hivyo mjini Mtwara taa zitakushinda. Nenda Msimbati, kule pwani mbali na taa za mji.