Lugha tete ni ipi? Mfano wa Kipirahã

Katika mizani ya UNESCO ya kupima uhai wa lugha, iliyotokana na kazi ya wataalamu wake ya mwaka 2003, lugha tete (kwa Kiingereza "vulnerable", neno ambalo wengine hulitafsiri "dhaifu") ni ile ambayo watoto wengi bado wanaizungumza, ingawa matumizi yake huenda yamebanwa katika mazingira fulani, kwa mfano nyumbani tu. Ngazi hiyo iko hatua moja chini ya lugha salama. Watoto wakiacha kuipata nyumbani kama lugha mama, inashuka tena. Ikibaki kwa mababu na mabibi, inashuka zaidi. Kinachopimwa kwanza, basi, ni urithishaji, na idadi ya wazungumzaji hufuata baadaye.

Kipirahã, kinachozungumzwa kandokando ya mto Maici katika jimbo la Amazonas nchini Brazil, kina wazungumzaji mamia machache tu, na mtu anayetazama hesabu peke yake angekiweka miongoni mwa lugha mahututi, zilizo karibu kufa. Kimeorodheshwa kuwa tete kwa sababu watoto wa Wapirahã wote hukua nacho, huku Kireno kikijulikana kwa kiasi kidogo, hasa na wanaume wanaobadilishana bidhaa na wachuuzi wa mtoni. Wanaume wakiwa mawindoni huwasiliana kwa mluzi, na mama anaweza kuzungumza na mwanawe kwa mvumo wa sauti, midomo ikiwa imefumbwa, na maneno yakaeleweka, kwa kuwa sehemu kubwa ya maana hubebwa na toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, na mdundo wa silabi. (Sisi wa Kiswahili, lugha isiyo na toni, tungepata taabu kuomba hata chumvi kwa mluzi.)

Ndiyo maana sipendi tafsiri ya "lugha dhaifu": lugha yenyewe haina udhaifu wowote. Utete wake unaonekana kwa jamaa zake. Kipirahã ndicho pekee kilichosalia katika ukoo wa Kimura, kwani Wamura, waliokuwa wengi kuliko Wapirahã, walihamia Kireno. Nje ya ukoo huo, Kimapuche cha Chile na Argentina kina wazungumzaji wengi mara nyingi zaidi, lakini kimewekwa ngazi ya chini kuliko Kipirahã, kwa kuwa watoto wengi wa Wamapuche wanakua na Kihispania. Kwa jamii ndogo kama ya mto Maici, watoto wa vijiji vichache wakianza kuwajibu wazazi wao kwa Kireno, kizazi kimoja kinatosha kuishusha lugha hadi ngazi hiyo.