Je, wajua kwa nini ubongo wa mbuzi una mikunjo na wa panya hauna?

Wenye hukula supu ya kichwa pale soko la Burma, Nairobi, wanajua: kichwa ya mbuzi ikipasuliwa, ule ubongo umejaa mifereji imejipinda kila upande. Wa panya sasa (sijasema uende upasue) ni laini tu, hauna mkunjo hata mmoja.

Wengi hudhani ni fuvu linaufinya ubongo mpaka unajikunja, lakini si hivyo. Mtoto akiwa tumboni, mpaka karibu wiki ya 20 hivi ubongo wake bado ni laini, halafu lile ganda la nje la kijivu, lenye likikomaa unene wake ni milimita 2 hadi 4 tu, linaanza kutanuka haraka kuliko sehemu ya ndani, na hizo mbili zimeshikana, kwa hivyo ganda linataka nafasi na nafasi hakuna, kubanduka haliwezi, linazidi kujibana mpaka linashindwa, linazama ndani. Hapo ndio mkunjo unazaliwa. Jeni ziko kazini pia, ndio, lakini hakuna mahali kila mfereji umechorwa.

Mnamo 2016 mwanasayansi Mahadevan wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, na wenzake walichukua picha za MRI za ubongo wa mtoto wa tumboni, wakatengeneza mfano wake kwa jeli, wakaupaka tabaka jembamba juu na kuutumbukiza kwa maji ya kemikali. Tabaka la juu likanyonya, likafura, na ndani ya dakika chache mikunjo ikatokea, inafanana kabisa na ya ukweli. Na fuvu halikuwepo!

Unene ndio huamua saizi. Ganda jembamba linaleta mikunjo midogo mingi, nene linaleta mikubwa michache. Panya naye ganda lake ni nene ukilinganisha na kaubongo kenyewe, basi halikunjiki. Kuna watoto huzaliwa na ganda nene kupita kawaida, ubongo unatoka karibu bila mikunjo, na wengi wao hupata kifafa na kuchelewa kukua, so hii si mambo ya urembo.

Ile pasheni ya zambarau yenye imejikunja kwa mama mboga inafika palepale kwa njia ya kurudi nyuma: nje haijakua, ni ndani imepoteza maji ikapungua, ganda likabaki kubwa.

Na vidole vikikunjika ukifua nguo? Si ati ngozi imekunywa maji ikafura. Neva ndio zinaambia mishipa ya damu ijibane, nyama ya chini inapungua, ngozi ya juu inakuwa imezidi. Ndio maana kidole chenye neva yake imekatika unaweza kukiloweka hadi maji yapoe na kisikunjike, na kuna madaktari hutumia hiyo kupima kama neva inafanya kazi.