Moto ukififia kwa baridi, usilaze mtungi

Jamani watu wa Mbeya, Njombe na Makete, hili baridi la mwezi wa 6 na wa 7 linatudanganya sana jikoni. Moto unakuwa mdogo asubuhi, mtu anasema gesi imekaa chini, basi analaza mtungi au anautikisa, wengine mpaka wanausogeza karibu na jiko la mkaa upate joto, na hapo ndo roho yangu inaruka kabisa.

Iko hivi. Ndani ya mtungi gesi ni kimiminika, inageuka mvuke ndo inapanda kwenye jiko. Butani, moja ya gesi zilizomo kwenye mtungi, inachemka karibu nyuzi 0, kwahiyo baridi ikizidi mvuke unapungua, presha inashuka, ila gesi bado ipo. Ukilaza mtungi kile kimiminika kinaingia kwenye regyuleta na mpira, moto unaweza kulipuka mkubwa ghafla usoni kwako.

Mtungi usimame wima muda wote. Kama una wasiwasi imeisha, upime kwenye mizani halafu toa uzito wa mtungi mtupu, umeandikwa pale juu karibu na mshikio.