Kabla ya Kuomba Dashibodi, Andika Swali Lako

Maombi ya dashibodi (ukurasa wa kompyuta unaoonyesha takwimu kwa grafu) kutoka mamlaka za maji yamekuwa mengi, na mengi huja na sentensi ileile: "Tunataka kuona upotevu wa maji." Hitaji ni halali, lakini hilo si swali.

Swali lina mwenyewe, na lina uamuzi unaolisubiri. Meneja biashara anauliza dira zipi zimeanza kusoma chini ya kawaida, ili zibadilishwe mwezi huu. Mhandisi wa usambazaji anauliza mafundi waanzie eneo lipi kesho kutafuta bomba linalovuja. Bodi inataka kujua kama mamlaka inakaribia asilimia 20, kiwango kinachokubalika kwa EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji Tanzania. Wote husema "upotevu", ila kila mmoja ana data yake. Mhandisi anahitaji mtiririko wa saa 8 hadi saa 10 usiku, watu wakiwa wamelala. Ukibaki juu, kuna mahali panavuja. Ankara za mwezi hazimwonyeshi hilo.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Upotevu ni maji yaliyozalishwa, ukitoa yaliyotozwa ankara. Dira kubwa ya chanzo husomwa kila siku. Za wateja, zisipokuwa zinazotuma usomaji zenyewe, husomwa mara moja kwa mwezi, tena kila mtaa kwa tarehe yake. Anayeng'ang'ania grafu ya upotevu ya kila siku atapewa namba ya kukadiria tu. Hakuna programu, hata iwe ghali vipi, inayojua usomaji wa dira ambayo haijasomwa.

Utaratibu ni huu. Zungumza na kila mdau peke yake, dakika 30 hadi 45, kabla ya kikao cha pamoja, maana mbele ya mkurugenzi wengi hunyamaza. Usimuulize anataka kuona nini. Muulize mara ya mwisho aliamua nini, alitumia taarifa gani na alikwama wapi. Kisha jaza fomu: cheo cha mwenye swali, uamuzi unaosubiriwa, jibu linahitajika kila baada ya muda gani, eneo dogo kabisa la kuonyeshwa, chanzo cha data na anayeitunza. Swali lisilobadilisha uamuzi wowote liondolewe.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo mahsusi na zisizidi lengo hilo. "Tuweke na namba za simu, huenda zikahitajika" si lengo, na tumeshalisema hili mara nyingi. Anayefichua taarifa binafsi kinyume cha sheria anakabiliwa na faini ya shilingi 100,000 hadi milioni 20, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa kampuni, faini ni milioni 1 hadi bilioni 5. Mhandisi anayetafuta mvujo hahitaji jina la mteja hata mmoja.

Mwenye swali asaini fomu yeye mwenyewe, si ofisa TEHAMA kwa niaba yake. Isiyo na saini hiyo irudishwe kabla kazi haijaanza.